Kidole, Sindano, Sukari

Arua, Jumatano 9 Juni 1976

Daftari hili nilipewa kwa ajili ya majibu ya maabara. Mbele nitaandika damu za watu, nyuma nitajiandika mwenyewe. Huku nyuma ni Kiswahili cha kwetu Kibra. Daktari Ezati, mkubwa wangu, Kiswahili anakisema sokoni tu, kukisoma hawezi. Akifungua huku atadhani ni orodha ya mboga.

Tumetoka chuo kikuu watatu. Ezati ni daktari wa upasuaji na mhadhiri, Mlugbara wa hapa hapa. Amandu ni karani, anajaza fomu na kugawa sukari. Mimi Kulusum napima damu. Tunatafuta saratani ya tezi ya wanaume, ile inayokaa chini ya kibofu na kumzibia mzee mkojo. Kila mzee anatolewa damu, kisha Ezati anampima tezi kwa kidole, kupitia nyuma, mnajua wapi. Anapewa na nusu kilo ya sukari. Sukari siku hizi haipatikani hata kwa dawa, kwa hiyo wazee wanakuja.

Mimi siruhusiwi kukaribia. Wazee wamesema wazi: binti akiwepo, hakuna suruali itakayoshuka. Basi nakaa chumba cha mbali na friji yangu ya mafuta ya taa, Amandu ananiletea vichupa. Sikulalamika. Sina hamu na suruali za wazee.

Jumatatu 14 Juni, Aroi

Wazee kumi na tisa wametoa damu. Waliobaki kwa kidole ni saba.

Jumanne 15 Juni

Mvua. Hakuna aliyekuja.

Jumanne 22 Juni

Leo nimecheka mpaka mbavu zikauma. Wazee wa Aroi wana sharti lao: damu ya mtu ikitoka, ashike kitu mkononi papo hapo, la sivyo ni mkosi. Kwa hiyo Amandu anatoa sukari pale pale penye sindano. Nao wakishashika sukari, wanaondoka zao. Mmoja leo alikimbia na pamba bado iko mkononi, akaruka mtaro, sukari kaikumbatia kama mtoto. Ezati akasimama mlangoni na glavu yake moja, akifoka, "Nusu ya utafiti wangu inakimbia!"

Damu zote nyeupe, isipokuwa moja. Nieleze hapa, nisije nikazeeka nikasahau nilikuwa nafanya nini. Tezi ikipata saratani humwaga kitu fulani ndani ya damu. Mimi natia dawa yangu kwenye maji ya damu. Kitu hicho kikizidi, dawa inageuka manjano, kisipozidi inabaki nyeupe. Ila tezi ina ukaidi wake: ukiiminya kwa kidole, hata iwe nzima kabisa, inamwaga hicho hicho, na damu inakaa hivyo siku moja au mbili. Ndiyo maana nilimwambia Ezati tangu Kampala, damu kwanza, kidole baadaye. Nimeiandika mwenyewe kwenye fomu: moja, damu, mbili, kidole.

Koboko, Alhamisi 1 Julai

Tumehamia huku. Nimefikia kwa Mama Hadijah, binamu wa mama yangu, Mnubi mwenzetu, mjane, anayesuka kawa za rangi za kufunikia chakula tangu asubuhi mpaka macho yamtoke machozi. Kanipa chumba cha nyuma kwa ajili ya friji. Wanaume wanapimwa ng'ambo ya barabara, katika ghala la zamani la pamba. Nilipomweleza kazi yetu alicheka. "Waambie hao wazee, mficha uchi hazai."

Jumatatu 5 Julai

Redio tangu jana inazungumza uwanja wa ndege wa Entebe tu. Wanasema Kenya iliwasaidia wale makomando waliokuja na ndege usiku kuokoa mateka. Mimi pasi yangu ni ya Kenya. Nilikuwa sijamaliza chai, Kapteni Taban wa kambini akaingia uani bila hodi, na askari wawili.

"Wewe iko mutu ya Kenya?"

"Ni Mnubi, afande. Nilizaliwa Kibra."

"Kibra iko wapi? Iko Kenya." Akanyoosha mkono, nikampa pasi. Akamwita Ezati naye akampokonya funguo za gari. "Mutu hapana toka Koboko bila barua yangu. Kazi fanya. Toka, hapana."

Walipoondoka nilimwaga chai iliyobaki. Mama Hadijah akaokota kawa yake akaendelea kusuka. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mwanangu. Kaa."

Alhamisi 8 Julai

Wamekuja ishirini na watatu, wamebaki ishirini na watatu! Ezati anapiga mluzi. Nimemuuliza amepata wapi dawa ya wakimbiaji. "Adabu tu," akasema. Nimempa heko.

Jumatatu 12 Julai

Manjano.

Jumatano 14 Julai

Manjano tena. Vichupa kumi na nne kati ya kumi na sita. Nimebadilisha maji, nimeosha vyombo mara tatu, nimepanguza friji. Nikampima Amandu: nyeupe. Nikampima Mama Hadijah, ambaye hana hata hiyo tezi: nyeupe. Dawa yangu haina kosa. Basi wazee wa Koboko ni wagonjwa, maskini ya Mungu.

Ezati hakai kitini. Anasema hakuna popote duniani palipoonekana saratani nyingi namna hii. Mkutano wa madaktari uko Nairobi Septemba; atakwenda kusoma majibu, nami atanichukua kama mpimaji. Nairobi! Kutoka pale hadi kwa mama ni basi moja. Nimelia kidogo, kwa furaha, nikaona aibu kwa ajili ya wale wazee.

Jumanne 20 Julai

Ezati amemfanyia upasuaji Mzee Jale, mkulima wa simsim, yaani ufuta, nje ya mji. Tezi hii hulishwa na korodani. Ukiziondoa, saratani hulala njaa. Hakuna dawa nyingine ya kuaminika, na vidonge viliisha Kampala tangu mwaka jana. Jale hakuwa na maumivu. Alikuwa na kichupa cha manjano tu. Kipande cha tezi cha kupimwa kwa darubini hatukutuma, maana aliyekuwa akivisoma vipande amekimbia nchi, na nafasi yake haijazibwa.

Jumapili 25 Julai

Mvua. Mafuta ya taa yanakwisha.

Alhamisi 29 Julai

Leo limekuja kubwa. Mzee Lukumani, sajenti wa zamani, baba mzazi wa Kapteni Taban. Kichupa chake ni manjano kuliko vyote. Ezati anasema hata kwa kidole tezi yake ni kubwa, lakini mzee gani wa miaka sabini na mbili ana tezi ndogo?

Kapteni alipoambiwa alifunga mlango. Kisha akasema, "Baba yangu hapana kufa. Kata. Kabla ya Ramadhani." Imepangwa Jumanne tarehe 24 Agosti. Baba akipona, barua ya kutoka tutapewa wote wawili, mimi na Ezati, na pasi yangu nitarudishiwa.

Jumanne 3 Agosti

Lukumani ana mke mdogo, Aminah, na mtoto wa miaka mitatu. Aminah amekuja kwa Mama Hadijah kununua kawa. Kawa hakuichagua. Aliniuliza, macho yako chini, "Akikatwa, bado iko mwanamume?" Nikamjibu kama kitabu kinavyojibu: atakuwa hai. Akaondoka bila kawa.

Ijumaa 6 Agosti

Manjano, kumi na moja kati ya kumi na mbili. Siku nyingine nachukia rangi hii hata kwenye ndizi.

Jumatano 11 Agosti

Askari wamemchukua Mkenya mwenzangu, fundi cherehani wa karibu na msikiti. Cherehani imebaki barazani inanyeshewa. Sijatoka nje ya ua siku ya tatu. Nahesabu siku za kufika tarehe 24 kama mfungwa.

Jumapili 15 Agosti

Nitaandika polepole, nisiruke neno.

Mzee Lukumani alikuja kunywa kahawa ya tangawizi barazani. Ni mzee wa mzaha. Ndiye pekee asiyeona haya kuniita "daktari wa kichupa". Mama Hadijah alimpa pole kwa mambo ya ghala lile. Akacheka, akasema sokoni sisi watu wa utafiti tumepewa jina. Wakituona wanaimba, na yeye mwenyewe akaimba, akihesabu kwa vidole: "Kidole, sindano, sukari! Kidole, sindano, sukari!"

Nikamwambia, "Hapana, mzee. Sindano, kidole, sukari."

"Binti, wewe ulikuwa pale? Mimi nilikuwa pale. Sindano gani kwanza? Kwanza nililala ubavu, daktari alifanya yake. Halafu sindano. Halafu sukari, papo hapo mkononi. Mutu anakimbia vipi kama sukari iko mwisho?"

Kahawa ilinimwagikia mapajani, sikuhisi. Mama Hadijah akaruka na kitambaa. "Weee! Umeungua!"

Nilimvizia Amandu alipoleta mafuta ya taa. Hakubisha. Ni tangu siku ya kwanza Koboko. Ezati alisema dakika kumi hazibadilishi damu ya mtu. "Na fomu?" nikamuuliza. "Fomu imepigwa chapa moja damu, mbili kidole. Mimi naweka alama ya vema tu, dada."

Naweka vema tu! Na mimi nilikuwa hatua sitini kutoka pale, ng'ambo ya barabara, nikimpa heko.

Jumatatu 16 Agosti

Nilimwomba Mzee Lukumani anipe damu upya, hapa hapa barazani, Mama Hadijah akiwa shahidi. Tangu tarehe 29 hajaguswa na mtu. Alikunja mkono wa kanzu bila kuuliza. Nilipomaliza akakumbuka: "Sukari?" Sina sukari. Mama Hadijah akamtia tende moja kiganjani.

Nyeupe. Nimerudia mara tatu. Nyeupe kama maji ya mchele.

Jumanne 17 Agosti

Nimemwambia Ezati. Nilitegemea atapiga kelele. Alikaa juu ya debe la mafuta, akashika kichwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Amandu. Na wewe. Na vichupa."

"Kulusum, sikiliza. Nikienda kwa yule mtu nikamwambia nilitaka kumhasi baba yake kwa makosa, nitafika nyumbani? Wewe Mkenya utafika?"

"Kwa hiyo tumkate?"

"Ana miaka sabini na mbili. Ana mtoto tayari. Atapona kidonda katika wiki mbili, tutapata barua, utamwona mama yako." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na ile kazi yote, wale watu wote. Nikisema, inabaki nini?"

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa ananuka woga, na mimi pia. Nikamuuliza, "Na Jale?" Alitoka nje mvuani bila kofia.

Jumatano 18 Agosti

Sikusema.

Alhamisi 19 Agosti

Sikusema. Lukumani amepita barabarani, kanipungia mkono.

Ijumaa 20 Agosti

Sikusema. Baada ya swala ya Ijumaa Kapteni mwenyewe amemletea Mama Hadijah nyama, "kwa mugeni wako". Nimeila. Naandika ili nisijidanganye baadaye: niliila, na ilikuwa tamu. Nilikuwa nawaza basi la Nairobi.

Jumamosi 21 Agosti

Mvua kutwa. Njia ya Arua imekatika kwa tope. Hata ningekuwa na pasi mkononi nisingetoka. Nilimweleza Mama Hadijah kila kitu. Nilidhani ataniambia ninyamaze, maana nyumba ni yake na askari wanaijua. Akasuka safu nzima kabla ya kunijibu.

"Ukipelekwa kwenu kwa barua ile," akasema, "mama yako akikuuliza uliipataje, utamwambia nini?"

Nikakasirika. Nikamwambia yeye hana pasi iliyochukuliwa, hana la kupoteza. Maneno ya kipumbavu. Mume wake alichukuliwa mwaka wa sabini na mbili na hakurudi.

Jumatatu 23 Agosti

Njia imepitika tena, na asubuhi Ezati alipewa funguo na kibali cha siku moja kwenda Arua kuleta vyombo vya upasuaji wa kesho. Akaja chumbani kwangu, akasema anahitaji daftari kidogo. Sikufikiri. Alilirudisha baada ya muda, hakunitazama, akaondoka na gari.

Nami nikavaa gomesi, gauni refu la Mama Hadijah, nikaenda kwa Mzee Lukumani. Nilimkuta anakata kucha. Nilisema yote kwa pumzi moja: kidole, damu, manjano, nyeupe. Nilisema pia kwamba nimejua siku nane na nimekaa kimya.

Alimaliza ukucha wake. "Siku nane," akasema. "Aminah yangu analia siku ishirini." Akamtuma mtu amwite mwanawe.

Kapteni alikuja na bastola yake na buti zenye tope. Baba yake akamwambia, "Vua viatu. Kaa chini." Akavua. Akakaa mkekani, mtu yule ambaye mji mzima unamkwepa. Nikarudia maneno yale.

"Baba yangu iko mugonjwa ama hapana?"

"Hana saratani, afande. Ana tezi kubwa ya uzee tu. Damu yake ni safi."

"Nani alikosa?" Alinyanyuka nusu. "Nani? Sema jina!"

Najua jina, nalijua vizuri, na lilikuwa njiani kuelekea Arua. Mdomo wangu ulifunguka. Kabla sijatoa neno Lukumani alipiga mkeka kwa kiganja.

"Taban! Mimi nilikuwa sajenti miaka ishirini. Ukiuliza nani, mutu anakufa, na kesho kosa iko pale pale. Uliza nini. Huyu amekwambia nini. Basi."

Kapteni alikaa tena. Alitazama mikono ya baba yake. Halafu, jamani, yule mtu akafunika uso kwa kofia yake na mabega yakaanza kumtetemeka. Nami nikatazama ukutani, kwa adabu.

Alipoinuka alikuwa kapteni tena. "Wewe umesema kweli. Hapa mutu ya kusema kweli hapana. Kuanzia leo wewe utapima baba yangu. Utapima afande wangu wote."

"Na pasi yangu, afande? Barua?"

Alinishangaa kama nimemtukana. "Barua ya nini? Wewe iko kazi hapa."

Jumanne 24 Agosti

Leo ndiyo ingekuwa siku yenyewe. Lukumani yuko barazani kwake, mtoto kampanda mgongoni.

Ezati hakurudi. Nilipofungua daftari nilielewa alichokuja kufanya: kanyofoa mbele yote iliyoandikwa. Kurasa zangu za majibu hazipo. Wanasema gari liliachwa upande wa mpaka wa Kongo. Septemba atasimama Nairobi na tarakimu za manjano mkononi, mji ambao mama yangu anaishi, na watampigia makofi. Kaniachia huku nyuma, orodha yake ya mboga.

Nimelia kwa hasira hasa. Nimemwita majina ambayo sitayaandika.

Ijumaa 27 Agosti

Siku ya kwanza ya mfungo. Amandu hakukimbia, fomu anazo zote, na majina. Tumekubaliana: baada ya Idi tutaanza upya, mzee mmoja mmoja, kwa miguu. Sindano tu.

Jumatano 8 Septemba

Nimempima meja mmoja. Nyeupe. Aliniahidi ng'ombe. Nikaomba pasi, akacheka sana.

Jumamosi 18 Septemba

Mvua.

Jumatatu 27 Septemba

Baada ya Idi. Wa kwanza niliyemtaka ni Mzee Jale. Sikumngoja aje, nilikwenda kwake na Amandu, askari mmoja nyuma yetu, ndivyo ninavyotembea siku hizi. Tulimkuta anafunga miganda ya simsim. Amenenepa kiunoni, sauti imelainika. Alifurahi kuniona. Alikuwa ameniwekea mfuko wa simsim, wa asante.

Damu yake haitanisaidia kitu. Mtu akishakatwa, damu hugeuka nyeupe, awe alikuwa mgonjwa au mzima. Hakuna kichupa kitakachojua tena. Hakuficha uchi wake mzee huyu, na hatazaa tena.

Ningeweza kupokea simsim nikaenda. Alikuwa na amani. Nilikaa kwenye gogo nikamwambia.

Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kamba ya mganda. "Sasa mimi nilikuwa mugonjwa ama hapana?"

"Sijui, mzee. Labda hapana. Hakuna atakayejua."

"Yule daktari iko wapi?"

"Amekwenda."

"Na wewe utakwenda lini?"

"Siruhusiwi kwenda."

Alifunga ule mganda, akafunga na mwingine. Nilidhani amenifukuza. Amandu alishaanza kuinuka. Ndipo akaniwekea ule mfuko wa simsim mapajani.

"Basi iko vizuri, utabaki," akasema. "Kila mwezi utakuja hapa. Utakula, halafu utanambia tena hiyo maneno. Leo sikusikia. Utasema kila mwezi mpaka nasikia."

Nikasema nitakuja. Jioni nimefungua ukurasa wa mbele mtupu uliobaki, nikaandika jina lake, namba moja.